Birika la Kahawa Lenye Herufi Tatu

Msomaji aketiye barazani kwake jioni, kikombe cha kahawa mkononi, huenda hafikiri sana juu ya chombo kilichotoa kahawa hiyo. Chombo ni chombo. Kikitoboka hutupwa, kikanunuliwa kingine. Lakini vipo vyombo vilivyoishi kuliko wenyewe, vikapita katika vita na misiba na mabadiliko ya serikali, na leo vyaweza kutueleza mambo ambayo wenyewe hawako tena kuyasema. Kimoja cha vyombo hivyo ni birika la kahawa la Bwana John Adams, Rais wa pili wa Marekani, na mkewe Bibi Abigail Adams.

Birika hilo ni mali ya White House, nyumba ya Rais katika mji wa Washington, nalo kwa miaka mingi limeonyeshwa wageni katika Chumba cha Kijani, ambacho kuta zake zimefunikwa kwa hariri ya rangi hiyo. Limewekwa huko juu ya meza iliyotoka katika karakana ya Duncan Phyfe, seremala mashuhuri wa New York, pamoja na vinara vya mishumaa vilivyokuwa vya Rais James Madison. Birika lenyewe lilifanywa Uingereza, katika mji wa Sheffield, kati ya mwaka wa 1785 na 1788. Ubavuni mwake zimechorwa herufi tatu: J, A na A. Sehemu kubwa ya habari ya chombo hiki imo katika herufi hizo, kama tutakavyoona.

Umbo Lake na Kazi Yake

Watu wa pwani yetu wanaujua sana mdila wa kahawa. Muuzaji huubeba juu ya jiko la makaa, akiviliza vikombe vyake mkononi ili watu wamsikie, na mteja akija huuinamisha na kumimina. Birika la Bwana Adams si la namna hiyo, wala haliinamishwi. Ni chombo kirefu kisimamacho juu ya mguu wake, chenye tumbo kama mtungi, na chini ya tumbo ipo bilula. Mwenye kutaka kahawa hukinga kikombe, akafungua bilula, akafunga. Katika mabirika mengi ya namna hii yaliyofanywa wakati ule, kipande cha chuma kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kisha kikashushwa ndani ya mwanzi maalumu uliokuwa katikati ya birika, ili kinywaji kisipoe wala kisiguse chuma. Kwa hiyo bibi mwenye nyumba aliweza kuwahudumia wageni wengi pasipo kuinuka mezani kila mara.

Mtu akilitazama kwa mbali atasema ni fedha tupu. Sivyo. Karibu na mwaka wa 1743 mfua visu mmoja wa Sheffield, Thomas Boulsover, alitambua ya kuwa fedha na shaba nyekundu zikipashwa moto pamoja kwa kiasi kinachofaa hushikamana, hata zikawa kama madini mamoja. Basi bapa jembamba la fedha liliwekwa juu ya kipande kinene cha shaba, vikatiwa tanuuni, kisha vikapitishwa katika magurudumu ya chuma ya kubana mpaka likatoka bati pana, juu fedha na chini shaba. Bati hilo ndilo lililofuliwa mabirika, sinia na vinara. Kwa njia hiyo watu wenye mapato ya kadiri waliweza kuwa na vyombo vya kupendeza ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri peke yao.

Kazi hiyo iliendelea kwa muda wa miaka mia hivi, mpaka ilipogunduliwa njia ya kupaka fedha kwa nguvu za umeme, ambayo ilipewa hati ya hakimiliki mwaka wa 1840. Hata leo wajuzi huvitambua vyombo vya Sheffield vya zamani kwa dalili moja nyepesi: mahali palipofutwa kwa kitambaa miaka mingi, fedha huchakaa na wekundu wa shaba huchungulia.

Kwa Nini Kahawa na Si Chai?

Yafaa kuuliza kwa nini watu wa ukoo wa Kiingereza, ambao twawajua kuwa ni wanywaji wa chai, walitaka birika la kahawa. Jambo hilo lina asili yake. Wakati ule nchi ya Massachusetts, alikozaliwa Bwana Adams, ilikuwa koloni la Uingereza. Bunge la London liliwatoza watu wa makoloni ushuru wa chai, na wao hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika bunge hilo. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston waliingia katika merikebu bandarini, wakatupa baharini masanduku 342 ya chai. Tangu siku hizo kunywa chai kulihesabiwa na wengi kuwa ni kuisaliti nchi.

Julai 1774 Bwana Adams, ambaye alikuwa wakili, alikuwa safarini kwa kazi ya mahakama. Alifika jioni katika nyumba ya wageni, amechoka kwa mwendo mrefu juu ya farasi. Akamwuliza mama mwenye nyumba kama ni halali kwa msafiri aliyechoka kupata chai, ikiwa chai yenyewe imeingizwa kwa magendo wala haikulipiwa ushuru. Mama yule akamjibu la, hapa petu chai tumeiacha kabisa, lakini atampikia kahawa. Wakili yule hodari hakuwa na la kusema. Alimwandikia mkewe habari hiyo, akasema tangu siku ile amekunywa kahawa kila alasiri na kuivumilia vizuri, na ya kuwa hana budi kuachishwa chai, tena upesi.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili. Mama yule wa nyumba ya wageni hakuwa na cheo wala kiti barazani, lakini alilishika neno la nchi yake kwa uthabiti kuliko wakili aliyekuwa akienda kuwa Rais.

Wanawake wa Boston na Ghala la Kahawa

Vita vya kutaka uhuru vilipoanza, kahawa nayo ikawa adimu. Julai 1777 Bibi Adams alimwandikia mumewe, ambaye wakati huo alikuwa mbali katika baraza la makoloni, akamweleza jambo lililotokea Boston. Palikuwa na mfanya biashara mmoja, tajiri tena bahili, asiye na mke, aliyekuwa na pipa kubwa la kahawa ghalani mwake. Alikataa kuiuza ila kwa shilingi 6 kila ratli. Basi wakakusanyika wanawake, wengine walisema mia, wengine walisema zaidi, wakaja na magari ya kukokota mpaka mlangoni pa ghala, wakadai ufunguo. Alipokataa, mmoja wao alimkamata shingoni akamtupa garini. Alipoona hana pa kukimbilia akatoa ufunguo. Wakambwaga chini, wakafungua ghala, wakatoa kahawa kwa mikono yao wenyewe, wakaondoka nayo. Wanaume wengi walikuwa wamesimama pale wakitazama kwa mshangao, wala hapana aliyetia neno.

Hatuwasifu watu wachukuao mali kwa nguvu. Lakini yafaa mwenye ghala akumbuke ya kuwa bei ya chakula cha watu si jambo lake peke yake, hasa wakati wa dhiki.

Birika Lanunuliwa

Vita vilikwisha, amani ikatiwa sahihi mwaka wa 1783. Miaka miwili baadaye Bwana Adams alipelekwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi mpya ya Marekani. Tarehe 1 Juni 1785 alisimama mbele ya Mfalme George III, yeye ambaye zamani alikuwa mwasi wa mfalme huyo huyo. Alikaa na jamaa yake katika Grosvenor Square, mtaa wa watu wakubwa, mpaka mwaka wa 1788.

Maisha yale hayakuwa mepesi. Balozi hana budi kuwakaribisha mabalozi wenziwe na wakubwa wa mji, na mshahara aliopewa na serikali yake, dola 9,000 kwa mwaka, ulikuwa umepunguzwa kuliko ule wa kwanza. Bibi Adams alizitunza hesabu za nyumba kwa uangalifu mwingi, naye alilalamika mara nyingi juu ya gharama za London. Birika la Sheffield lilimfaa mtu wa hali yake: lilikuwa na heshima ya fedha mezani, pasipo bei ya fedha tupu.

Kahawa Ilitoka Wapi?

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Sisi wenye mibuni mashambani twajua ya kuwa kahawa haijileti bilulani. Lazima mtu apalilie, apogoe, achume buni moja moja, aoshe na kuanika. Katika miaka ile ya 1780 kahawa nyingi kuliko zote iliyouzwa Ulaya na Marekani ilitoka katika visiwa vya Karibi, na koloni la Kifaransa la Saint-Domingue ndilo lililotangulia mengine. Waliochuma buni huko walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani na watoto wao. Hawakulipwa ujira, na wengi walikufa kwa kazi na maradhi kabla ya kuzeeka.

Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka, na baada ya vita virefu walijipatia uhuru. Tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ilipewa jina la Haiti. Bwana Adams mwenyewe hakumiliki mtumwa maishani mwake, na alipokuwa Rais aliruhusu mwaka wa 1799 biashara na jemadari Toussaint Louverture, aliyekuwa akiitawala Saint-Domingue. Hata hivyo chombo kizuri juu ya meza hakimwonyeshi mtu mikono iliyochuma. Ndiyo sababu twaitaja hapa.

Katika Nyumba Isiyokwisha

Bwana Adams alikuwa Rais tangu Machi 1797. Tarehe 1 Novemba 1800 aliingia katika nyumba mpya ya Rais huko Washington, akiwa Rais wa kwanza kulala humo. Mkewe alimfuata baada ya siku chache. Aliikuta nyumba kubwa kama jumba la kifalme lakini haijakwisha. Ngazi kubwa haikuwapo, ua haukuwapo, kengele za kuwaitia watumishi hazikuwapo, na kuni zilipatikana kwa shida ijapokuwa mji ulizungukwa na misitu. Katika ukumbi mkubwa wa mashariki, ambao haukuwa na samani, Bibi Adams aliamuru zitandwe kamba za kuanikia nguo. Katika ukumbi ule ule baadaye walikaribishwa wafalme na marais wa dunia.

Siku moja mwezi huo wa Novemba alitazama dirishani, akaona Waafrika kumi na wawili wakizoa udongo mbele ya nyumba. Walikuwa watumwa waliokodishwa na bwana zao. Alimwandikia jamaa yake ya kuwa watu wale hawashibi wala hawavai nguo za kutosha, huku bwana zao wakitembea bila kazi. Tena akasema ya kuwa wafanya kazi wawili wa kwao kaskazini wangefanya kwa siku moja kazi ya wote kumi na wawili. Hakuwalaumu watumwa. Aliulaumu utumwa, ambao humharibu mtumwa na bwana pamoja. Hata nyumba yenyewe aliyokaa ilikuwa imejengwa kwa sehemu na watumwa, na katika daftari za malipo ujira wa kazi yao uliandikwa kulipwa bwana zao. Utumwa haukufutwa katika Marekani yote mpaka mwaka wa 1865.

Mali ya Nani?

Sasa turudi katika zile herufi tatu. J ni John, A ya kwanza ni Abigail, na A ya mwisho ni jina la ukoo, Adams. Mfua fedha alichora majina ya watu wawili juu ya chombo kimoja, kama ilivyokuwa desturi kwa vyombo vya mume na mke. Lakini sheria ya wakati ule haikukubaliana na mchoro huo. Kwa sheria ya Uingereza iliyofuatwa pia Marekani, mwanamke akiolewa mali yake ya kushikika yote ilikuwa ya mumewe: fedha zake, samani zake, hata nguo zake. Wala hakuweza kuandika wasia bila ya idhini ya mume, kwa sababu mbele ya sheria hakuwa na kitu cha kurithisha.

Bibi Adams hakuiridhia sheria hiyo. Tangu Machi 1776 alikwisha mwandikia mumewe akimsihi ya kuwa wakitunga sheria mpya wawakumbuke wanawake, wasiwape waume uwezo usio na mpaka. Mumewe aliifanyia mzaha barua hiyo. Hata hivyo, katika miaka mingi ambayo mume alikuwa ugenini kwa kazi za taifa, mke ndiye aliyesimamia shamba, akauza bidhaa zilizoletwa kutoka Ulaya, akanunua hati za deni la serikali zikaleta faida nzuri. Sehemu ya fedha hizo aliihesabu kuwa ni yake.

Januari 1816, akiwa na umri wa miaka 71, aliketi akaandika wasia kwa mkono wake. Wanawe wa kiume aliwapa ardhi iliyomfikia kwa urithi wa jamaa zake. Vitu vingine, fedha, mavazi na mapambo, karibu vyote aliwagawia wanawake: wajukuu, binti za ndugu, wake wa wanawe na watumishi wa kike. Alikufa tarehe 28 Oktoba 1818. Kwa sheria mumewe angeweza kuichana karatasi ile na kusema haina nguvu. Hakuichana. Aliyatimiza maneno ya mkewe, na kila mmoja akapata fungu lake. Mtu yule aliyeifanyia mzaha barua ya mwaka wa 1776 aliuheshimu wasia wa mwaka wa 1816. Hilo laonyesha ya kuwa mtu aweza kujifunza katika nyumba yake mwenyewe.

Kutoka Nyumba ya Mtu Hadi Mali ya Taifa

Bwana Adams alimaliza kazi ya urais Machi 1801. Marais wa siku zile walikuja na vyombo vyao vingi na kuondoka navyo, naye alirudi kwake Massachusetts. Huenda hiyo ndiyo bahati ya birika. Maana tarehe 24 Agosti 1814 askari wa Uingereza waliingia Washington, wakaichoma nyumba ya Rais, na karibu kila kilichokuwa ndani kikawa majivu. Birika halikuwamo. Mwenyewe aliishi mpaka tarehe 4 Julai 1826, siku ambayo taifa lilitimiza miaka 50 tangu lilipotangaza uhuru, akafa siku hiyo. Rais wa tatu, Thomas Jefferson, rafiki na mshindani wake, alikufa siku iyo hiyo. Mwana wa Bwana Adams, John Quincy, ndiye aliyekuwa Rais wakati huo.

Kwa muda mrefu White House yenyewe haikuona haya kuuza mali yake ya kale. Mwaka wa 1882 Rais Chester Arthur aliamuru samani na vyombo vya zamani vitolewe, vikauzwa mnadani; vilijaza magari 24 ya farasi. Vitu vilivyoguswa na marais waliotangulia vilikwenda kwa kila aliyetaja bei. Fikira hiyo ilibadilika mwaka wa 1961, Bibi Jacqueline Kennedy alipounda halmashauri ya kutafuta vyombo vya asili vya nyumba ile na vya marais wa zamani. Septemba mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kwamba vitu vya historia vya White House visiuzwe wala kugawiwa; visipotumika huhifadhiwa na Smithsonian. Birika la Bwana na Bibi Adams ni mojawapo ya vitu ambavyo taifa hulinda sasa kwa namna hiyo. Lililokuwa la watu wawili limekuwa la watu wote.

Neno kwa Wenye Nyumba

Chombo hiki kingeweza kusahauliwa kwa urahisi. Mabirika mengi ya Sheffield yaliyofuliwa mwaka huo huo yako katika maduka ya vitu vya kale, hayana jina wala habari, na bei yake ni bei ya shaba na fedha iliyopakwa. Lililolitenga hili na mengine ni mambo mawili: zile herufi zilizochorwa ubavuni, na barua za mume na mke, zaidi ya elfu moja, ambazo zilihifadhiwa. Kwa barua hizo twajua aliyekunywa kahawa, kwa nini aliinywa, na alichokiona dirishani.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Yako majumba kwetu yenye kiti cha babu, mkuki wa mjomba, au mdila wa bibi uliotoka pwani, na hakuna mtoto ajuaye ulikotoka. Yako pia mashamba yanayoletewa mashauri barazani kila mwaka kwa kuwa marehemu hakuandika neno. Karatasi moja na kalamu vyatosha: jina la kitu, mahali kilipotoka, mwenyewe wa kwanza, na atakayekipokea. Na mwenye kuandika asisahau kuweka jina la mkewe kando ya lake, kama alivyofanya mfua fedha yule wa Sheffield, maana aliyepika kahawa naye ana haki ya kutajwa penye birika.